Nyumba Thelathini na Moja za Ukweni

Jumatatu, 10 Machi

Kuanzia leo utafiti wa maji ya ziwa, upande huu wote wa Kenya, uko mikononi mwangu. Sijisifu. Naandika tu ilivyo, maana daftari halidanganywi. Mpwa wangu Nasambu, binti wa dada yangu mkubwa kule Bungoma, amerudi kutoka Ulaya na shahada ya uzamifu, na chuo kikuu hapa Kisumu kimempa kazi inayoitwa posdok. Majirani hapa Kaloleni wameniuliza posdok ni nini. Nimewaeleza: mwanafunzi akikwama humwita mwalimu, mwalimu akikwama humwita profesa, profesa akikwama humwita posdok. Na posdok leo saa nne asubuhi amekwama, akamwita mjomba wake.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna nyumba sabini na moja kando ya ziwa. Kila nyumba Nasambu anachukua maji ya kunywa kutoka kikombeni, anayapima maabara, kisha anamuuliza mwenye nyumba maswali kumi na manne: maji unateka wapi, unachemsha, choo kiko wapi, na kadhalika. Shida ni kwamba Nasambu ni Mbukusu mtupu, Dholuo, lugha ya Waluo wa huku, hajui hata ya kununulia dagaa wa omena. Mimi nina miaka thelathini na miwili Kisumu, nimeshusha pampu za maji kutoka Sondu hadi Usenge, nimeoa huku huku. Pampu moja ya Asembo niliitengeneza kwa kamba ya kiatu na bado inatoa maji, wataalamu kutoka Nairobi wakaja kuipiga picha.

Daftari hili amenipa yeye. Amesema, "Mjomba, kila siku andika ulichoona. Hasa kama ni kidogo."

Jumanne, 11 Machi

Sikuona kitu. Jua kali.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda kuona ofisi ya posdok. Nilivaa suti. Askari wa getini alimdai Nasambu kadi ya mwanafunzi, akasema yeye si mwanafunzi. Akadaiwa kadi ya mfanyakazi, akasema bado haijatoka. Mimi nikapunga mkono, nikapita. Ndiyo faida ya suti.

Ofisi sasa. Ni stoo. Kuna hadubini saba zilizovunjika shingo, meza moja, na kiti ambacho lazima uegemee kushoto. Karani wa idara, anaitwa Naswa, mtu wa kwetu kabisa, alisema jina la Nasambu haliko kwenye orodha ya walimu wala ya wanafunzi, kwa hiyo chai hajui amhesabu wapi. Ufunguo wa maabara anao Dalmas, fundi wa maabara, na Dalmas humfungulia akijisikia. Nilimwambia Nasambu, kwa cheo chako ungegonga meza. Yeye akafuta vumbi, akapanga hadubini ukutani kwa urefu, akaanza kuandika. Saa tatu nzima anatazama kompyuta. Kama hiyo ndiyo kazi, hata mimi ningekuwa posdok.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Tumemaliza mtaa wa Obunga, nyumba arobaini. Mimi nauliza kwa Dholuo, namwambia kwa Kiswahili, yeye anaandika. Shida yake ni kwamba hatosheki. Mama mmoja alisema anachemsha maji, Nasambu akauliza lini mara ya mwisho, akauliza sufuria iko wapi, akauliza jana je. Yule mama mwishowe akacheka akasema makaa yaliisha wiki iliyopita. Nilimwambia Nasambu njiani kwamba swali moja halifai kuulizwa mara tatu, ni kama unamwita mtu mwongo. Akasema hamwiti mtu mwongo, anampa nafasi. Watoto wa siku hizi.

Jumatano, 26 Machi

Nimevunja rekodi. Chuo kilimwita Nasambu kwenye mafunzo ya wafanyakazi wapya, jana na leo, na zamu ilikuwa ya kijiji cha ziwani chini ya Kisian. Kijiji hicho ni ukweni kwangu, alikozaliwa mke wangu, Mama Fabian. Nikamwambia Nasambu, wewe nenda ukafundishwe, fomu niachie, pale mimi ni kama serikali. Nyumba thelathini na moja kwa siku mbili. Yeye na kompyuta yake hufanya nane kwa siku.

Fomu zote zimejaa. Wote wana choo. Wote wanachemsha. Watu wa ukweni kwangu ni watu safi.

Ijumaa, 28 Machi

Nasambu na Dalmas wamepita zile nyumba kuchukua maji ya vikombeni. Mimi nilibaki na pampu ya mtu huku Nyalenda.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Stima ilipotea maabara, na kama sampuli zingepata joto, kazi ya mwezi ingemwagwa. Nasambu alibeba visanduku vya barafu mwenyewe kutoka kwa wauza samaki, mikono ikamkauka kama ya bibi kizee. Dalmas aliposikia akaja na yeye kubeba. Jioni amempa ufunguo wake wa maabara, akamwachia kabisa. Sikujua kwamba posdok hubeba barafu. Sikuwaambia majirani.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kuku. Nasambu amekula kidogo, anahesabu kitu kichwani.

Alhamisi, 24 Aprili

Majibu ya maabara yametoka. Nasambu amenitandazia karatasi mezani hapa nyumbani, macho yanang'aa. Ati vikombe vya Obunga ni vichafu kama alivyotazamia, maana wengi hawachemshi. Lakini vikombe vya kijiji cha Kisian, ambako kila mtu anachemsha na kila mtu ana choo, ni vichafu zaidi. Anasema hilo ni jambo kubwa. Maana yake uchafu unaingia baada ya kuchemsha, labda mtungini, labda kwenye kata ya kutekea. Anasema dunia nzima watu wanaambiwa chemsha, chemsha, kumbe pengine tunawafundisha jambo nusu. Ataandika makala. Ataionyesha kwa Profesa Oketch, msimamizi wake, na makala hiyo ndiyo itaamua kama atapewa mwaka wa pili au arudi Bungoma kukaa.

Aliniuliza, "Mjomba, una uhakika wa zile fomu?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa uhakika.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua usiku kucha. Sikulala vizuri, ni sauti ya mabati.

Jumanne, 6 Mei

Nasambu amehama kwangu. Amepata chumba karibu na chuo. Ameacha kikombe chake hapa, na shuka alilokunja pembe kwa pembe kama karatasi. Naswa karani sasa anamwita Daktari na amemtafutia kiti kisichoegemea. Nimepita ofisini, nimemkuta anaandika, wala hakuniona mpaka nilipokohoa. Amechora mtungi, na mishale inaingia mtungini. Mchoro mzuri. Niliutazama, nikasema nina haraka.

Ijumaa, 9 Mei

Leo ni kurasa nyingi.

Nasambu alikuja saa tisa akiwa amelowa, akaketi pale jikoni na gambuti zake. Profesa Oketch amesoma makala. Hakusifu mtungi wala mishale. Ametoa zile fomu thelathini na moja, akazipanga mezani kama karata. Kalamu moja, mkono mmoja, alama zimeangukia mahali pale pale, kila mtu anachemsha kwa dakika kumi, hakuna hata mmoja aliyesema tano. Akamwambia, "Daktari, hizi zimepikwa. Nataka kujua na nani." Amempa hadi tarehe thelathini kutoa maelezo mbele ya idara. Ikionekana ni yeye, mwaka wa pili hakuna, na jina lake litamfuata kila chuo atakachoomba.

Nikamuuliza, wewe ukajibu nini.

Akasema, "Nimemwambia haiwezekani. Nimemwambia mjomba wangu aliketi na kila mmoja wao."

Alisema hivyo tu, akanywa chai, akarudi kazini kwenye mvua.

Mama Fabian alikuwa anachambua mboga, na mama huyo akinyamaza ujue anapiga hesabu. Akaweka ungo chini. Mazungumzo yenyewe naandika kama yalivyokuwa.

"Baba Fabian. Wewe ulisimama mbele ya mama yangu, ukamuuliza choo anakwenda wapi?"

Nikasema utafiti ni utafiti.

"Na mama Akinda? Na wale wake wenza watatu pale kwenye miembe? Uliwauliza?"

Nikasema niliuliza kwa lugha ya heshima.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Alicheka kama siku ile nilipoteleza kanisani. Kisha akaacha ghafla. "Sasa huyo mtoto amesimama mbele ya profesa kwa ajili ya nini?"

Asiyejua nimweleze. Kijiji kile mimi ni or, yaani mkwe. Kila mwanamke wa rika la mama yake Mama Fabian, ukoo mzima, ni maro kwangu, mama mkwe. Maro hatazamwi machoni. Ukikutana naye njiani unapisha kichakani. Mbele yake huli, hucheki ovyo, hutaji tumbo, sembuse kinachotoka tumboni. Hapo Wabukusu na Waluo hatuna ugomvi hata kidogo, ni sheria moja. Mtu akisikia kwamba mkwe amesimama mlangoni na kalamu akimuuliza maro wake mambo ya choo, hiyo habari itatembea mpaka Siaya, na Mama Fabian hatakuwa na mahali pa kwenda matanga. Sikuuliza. Nilijaza mwenyewe. Na kwa kuwa ni wakwe zangu, ningewajazia nini? Kwamba hawana choo? Niliwapa choo wote. Niliwachemshia maji wote, dakika kumi kila mmoja.

Jumamosi, 10 Mei

Nimetembea chini ya mvua hadi chuoni bila suti. Askari alinizuia. Nilisubiri mpaka Naswa akaja kunichukua.

Nasambu alikuwa peke yake na zile hadubini. Nilimwambia yote ya maro, nimesimama. Hakupaza sauti. Alifungua makala kwenye kompyuta, ule mchoro wa mtungi, akautazama sana, kisha akaufuta wote. Miezi miwili, kidole kimoja.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba pale huwezi kuuliza?"

Nilimwambia ukweli uliokuwepo: "Ningekuambiaje kwamba kuna mahali siwezi?"

Akasema Jumatatu tunakwenda kwa profesa, wote wawili. Akanipa taulo.

Jumatatu, 12 Mei

Profesa Oketch ni mzee mkavu, miwani kwenye ncha ya pua. Nilianza na pampu ya Asembo ili anifahamu mimi ni nani, Nasambu akanikanyaga mguu. Basi nikaeleza. Profesa akauliza pale kijijini nina maro wangapi. Nikasema wote, Profesa, ukoo mzima. Akakohoa ndani ya leso muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida. Akasema hata yeye, na uprofesa wake, hathubutu kuuliza mambo hayo ukweni kwake Ugenya.

Lakini hakulegea. Fomu zote thelathini na moja zitupwe. Zirudiwe na mtu asiye mkwe wa pale, kabla ya tarehe thelathini ile ile. Na sababu ya kutupwa iandikwe kwenye ripoti kama ilivyo, kila mtu aisome. Kisha akamgeukia Nasambu akamwambia kwamba kosa la msaidizi ni la mtafiti, kwa sababu alimtuma mtu bila kumuuliza yeye ni nani kwa wale anaowaendea. Nasambu akasema ndiyo, Profesa, ni langu. Hakunitazama hata mara moja. Mimi nilikuwa natazama viatu vyake, vina matope ya Kisian mpaka leo.

Nilidhani nimemlea huyu mtoto msimu huu. Sijui tena nani alikuwa analea nani.

Jumanne, 20 Mei

Kazi imeanza upya. Muulizaji ni Maryanne, mhamasishaji wa afya kutoka Obunga, mdomo kama cherehani. Mimi nabeba visanduku mpaka barabarani. Kwenye uzio sipiti. Wanawake wanamcheka Maryanne, wanamjibu kila kitu, nasikia vicheko kutoka hapa nilipokaa na mwavuli.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kubwa, mto umefunga njia. Tumerudi na nyumba mbili tu.

Jumamosi, 24 Mei

Maryanne amesema mzee mmoja amelalamika. Ati alisikia watu wa chuo walikuja Machi, naye alikuwa nyumbani siku zote mbili anashona wavu, na hakuna aliyefika kwake kumuuliza. Nikasema wazee husahau. Maryanne akanitazama. Nikabeba visanduku vyangu.

Jumanne, 27 Mei

Zimekamilika. Kati ya thelathini na moja, wanaochemsha ni tisa. Wenye choo ni kumi na wanne. Sasa vikombe na majibu vinaongea lugha moja. Hakuna ugunduzi wa mtungi tena. Nilidhani Nasambu atasikitika. Amesema afadhali ukweli mdogo.

Ijumaa, 30 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe. Chumba kilijaa, hata Dalmas alivaa tai. Nilikaa mstari wa nyuma. Nasambu alisimama mbele, mwembamba, sauti imenyooka. Alieleza Obunga, akaeleza Kisian, kisha akaonyesha ukurasa mpya: jinsi fomu zilivyoharibika. Alisema nyumba thelathini na moja hazikuulizwa kwa sababu ya heshima ya ukweni, na kwamba watafiti wengi huangalia muulizaji anajua lugha, hawaangalii ana undugu gani na anayeulizwa. Watu wakaanza kuandika. Mama mmoja mgeni, mtafiti wa siku nyingi, akasema hilo peke yake linatosha makala, aitume kwenye jarida, idadi hiyo ni nzito. Thelathini na moja, akasema tena. Profesa Oketch akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwishoni kulikuwa na ukurasa wa shukrani na jina langu, Mzee Walubengo, herufi kubwa.

Ningekaa kimya ningekuwa mtu mkubwa. Mila imenilinda, jina liko ukutani. Lakini nilikuwa nimeshaona mchoro mmoja ukifutwa kwa kidole. Nikaona huu mwingine unaanza kuchorwa.

Mkono wangu ukapanda.

"Daktari, samahani. Si thelathini na moja. Ni kumi na tisa."

Chumba kikageuka. Profesa akashusha miwani. "Na zile kumi na mbili, Mzee?"

"Zile kumi na mbili zina wanaume nyumbani. Ni mashemeji. Hao tunataniana mpaka matusi. Mila haikunizuia kuwauliza."

"Sasa nini kilikuzuia?"

"Uvivu, Profesa."

Kuna mtu alicheka. Nasambu hakucheka. Alifuta ile namba mbele ya watu wote, akaandika kumi na tisa, na chini yake akaandika kumi na mbili: msaidizi hakufika. Jina langu kwenye shukrani akaliacha. Yule mama mgeni akasema kumi na tisa pia inatosha.

Nje, mvua ikinyesha, Nasambu alinishika mkono wa koti, kama alivyokuwa akishika akiwa na miaka minne. Akasema, "Mjomba, ile ilikuwa nafasi, na umeichukua." Nikamfungulia mwavuli.

Jumatano, 4 Juni

Barua imetoka. Mwaka wa pili amepewa. Naswa mwenyewe ndiye aliyenipigia simu, akaniambia pia jina la Daktari Nasambu sasa liko kwenye orodha ya chai, na ofisi ya stoo inapakwa rangi. Mvua imepungua, barabara ya Kisian inapitika. Majirani wamekuja kunipongeza na nimewaeleza jinsi nilivyosimama mbele ya maprofesa kumi na wanane nikasahihisha hesabu yao, jambo ambalo ni kweli, ingawa walikuwa sita.

Limebaki jambo moja dogo, na kwa kuwa Nasambu alisema niandike hasa madogo, naliandika.

Haikuwa uvivu. Uvivu ni neno nililolichukua kwa sababu lilikuwa karibu, tena lina heshima kidogo. Ile tarehe ishirini na tano Machi nilivaa koti jeupe la maabara la Nasambu, nililitoa kwenye kamba ya nguo bila kumwambia. Nilipofika kwa shemeji yangu Owiti, akaniona kwa mbali, akaita watu: or wetu amekuwa daktari wa chuo kikuu. Nilitaka kumsahihisha. Lakini alikuwa ameshatoa kiti cha sofa nje, na watu wakaanza kuja kusalimia, Daktari karibu, Daktari habari ya kazi, na mtu ukiitwa hivyo mara kumi huwezi tena kuinuka uende mlango kwa mlango na kibao cha fomu kuuliza choo kiko wapi. Nilikaa kwenye sofa lile siku mbili. Siku ya pili shemeji mmoja mvuvi akakunja suruali, akanionyesha goti lake, limevimba tangu Krismasi. Nililitazama. Nikaliminya huku na huku, nikafumba macho kidogo, nikamwambia apunguze chumvi.